Yule wa Nyeusi

Jina lake silitaji. Kwa kawaida mtu akifichwa jina huwa ni kwa heshima. Huyu namficha kwa hofu. Hata senta yetu siitaji. Itoshe kusema ukitoka Geita, ukaipita Rwamgasa, ukaendelea kula vumbi mpaka usikie makarasha yakisaga mawe, umeshafika kwetu au kwa jirani zetu. Sisi tuliokulia hapa tunamwita Mwalimu. Wageni wanamwita Bibi Kaniki. Siku hizi wapo pia wanaosema tu "yule wa nyeusi", na hao ndio wanaoninyima usingizi.

Naandika akiwa hai. Watu wengi husubiri mtu afe ndipo waanze kumsifu, tena kwa kumwongopea. Mimi nimeona niwahi.

Alinifundisha sayansi kimu shule ya msingi, yaani kupika, kufua na kushona. Kupika sikushika sana, mume wangu ni shahidi. Kushona ndiko kulikoniingia, na leo nina duka la nguo lenye vyerehani barazani. Watoto wangu wa kwanza ni mapacha, kwa hiyo Mwalimu ananiita Mama Kulwa kama watu wote. Akikasirika hunirudisha darasani na kuniita "wewe msichana", nami na mvi zangu nasimama wima.

Nguo yake naweza kuikata nikiwa nimefumba macho. Ni gauni la kaniki, ile pamba nyeusi ambayo juani inaonyesha ubluu kwa mbali. Kola ndogo, mikono inayoishia kiwikoni, marinda kiunoni, pindo chini kidogo ya magoti. Miguuni viatu vya ngozi vya kufunga kamba, vimepigwa kiwi. Nywele fupi, zimechanwa njia upande mmoja kama vijana wa zamani walivyokuwa wakienda kupiga picha studio. Hana kilemba, hana mtandio, hana hereni. Gauni likichakaa anashona lingine la mkato ule ule, ndiyo maana tangu nikiwa msichana sijamwona hata siku moja na umbo tofauti.

Ukimuuliza kwa nini, anakujibu kufuatana na alivyoamka. Mama mmoja wa kanisani aliambiwa kwamba nyeusi haionyeshi vumbi. Mkaguzi wa shule aliambiwa kwamba mshahara wa mwalimu unajulikana na kaniki ni nguo rahisi. Kuna aliyedhani ni msiba usiokwisha akampa pole, akajibiwa, "Pole ya nini? Marehemu mume wangu alinikuta nayo, akaizoea." Mimi alinijibu vizuri mara moja tu, siku tuliyokaa dukani tunachambua vifungo. Alisema alipokuwa binti alivaa kila kilichokuja, na kila akijitazama kwenye kioo aliona sanamu ya dukani ya kuvalishwa nguo. "Siku niliyovaa hii nikajikuta," alisema. "Sasa nikiivua niende wapi?"

Usidhani basi kwamba ni mtawa. Mwalimu anajipenda kuliko bibi harusi. Hawezi kupita mbele ya kioo changu bila kusimama, akageuka upande huu na ule, akapitisha kiganja nyongani, akaridhika. Anajipaka poda shingoni. Anapiga pasi ya mkaa mpaka ukigusa marinda unaogopa kujikata. Na kuna jambo ambalo ni sisi tu wanafunzi wake wa kike tunalijua, kwa kuwa alikuwa akiligeuza gauni lake darasani ili tuone mishono: bitana. Ndani ya kila gauni jeusi kuna bitana ya rangi ya kupiga kelele. Kuna la kijani cha kasuku, kuna la chungwa, kuna la waridi kama pipi za dukani. Tulipoliona la kwanza tulicheka mpaka akagonga meza.

"Ya nje ni yenu," alituambia. "Hii ya ndani ni yangu."

Ukimkumbusha kwamba mara nyingine husema ile ya nje ndiyo yeye hasa, na kwamba maneno hayo mawili hayapatani, atakuuliza nani kakwambia yapatane.

Na mitindo anaijua kuliko mimi ninayeiuza. Belo la mitumba likifunguliwa mnadani, yuko mbele. Ukileta mshono mpya kutoka Mwanza, kesho yake yuko barazani kwangu ameinamia kitambaa, anakivuta, anakisugua, anakigeuza. Ameona mabega ya sponji yakija na kwenda. Ameona suruali zilizoning'inia chini ya makalio, na zilizofuata ambazo zilibana mpaka kijana akitaka kukaa inabidi ajipange. Vitenge vya kubana magotini na kumwagika chini kama mkia wa samaki vilipofika, kila mwenye mume aliyepata dhahabu alitaka kimoja. Mwalimu alikitazama cha kwangu kilichoning'inia mlangoni akasema, "Huyu kashonewa asikimbie." Nikacheka. Yeye hakucheka. "Huku kwetu, Mama Kulwa, mwanamke anatakiwa aweze kukimbia."

Ana tabia moja ambayo imemkosanisha na nusu ya senta: anakagua mapindo. Ukisimama naye kidogo tu, mkono wake umeshashuka, umeshashika upindo wa nguo yako, umeshaugeuza. Haangalii mahali wala mtu. Tukiwa msibani, jeneza likiwa bado ndani, aligeuza upindo wa joho la mchungaji akanong'ona kwa sauti iliyofika mpaka kwa waliokaa nje: "Baba mchungaji, huyu fundi wako alikuwa na haraka." Darasani alikuwa akifumua kazi yako mbele ya wenzako, uzi baada ya uzi, huku machozi yanakutoka. Jioni ile ile anapita kwenu na bakuli la michembe, viazi vitamu vikavu vilivyopikwa kwa karanga, anakaa na mama yako, wala habari ya mshono haigusi. Nilimchukia Jumatatu na kumpenda Jumanne kwa miaka yote ya shule.

Cha kuchekesha ni kwamba anaogopa vyura. Mvua za kwanza zikinyesha hatoki mpaka mtu amtangulie na fagio. Binadamu hawaogopi. Ningependa iwe kinyume, kwa sababu sijasikia chura aliyekodiwa kuua mtu.

Sasa niseme habari ya kaniki, kwa mtu asiyeijua huku. Zamani ilikuwa nguo ya kawaida ya mama yeyote aliyelima. Ilikuwa pia nguo ya waganga, na ya watu wanaotambikia mizimu ya kwao. Haikuwa mkosi. Bibi aliyevaa kaniki alikuwa bibi tu, ukimkuta njiani unapiga goti, unamwamkia kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu", unaendelea na safari. Lakini mama zetu walihamia kwenye vitenge, sisi tukahamia kwenye madera, na kaniki tukawaachia waganga na Mwalimu. Yeye hakusogea alipokuwa amesimama. Ni sisi tuliomwondokea, mmoja mmoja, mpaka akabaki peke yake upande ule. Ongeza kwamba macho yake ni mekundu kwa moshi wa kuni wa miaka mingi. Kwenye ukanda wetu huu, kuanzia Shinyanga mpaka huku, wanawake wazee wamekatwa mapanga, wakiitwa wachawi, kwa sababu ya macho kama hayo. Sisemi jambo geni kwa yeyote aliyekulia hapa.

Bustani yake ya mchicha iko kwenye mbuga, ng'ambo ya maduara, yaani mashimo ya dhahabu. Kila asubuhi anakatisha katikati ya wachimbaji na ndoo yake. Miaka ya nyuma wengi wa wachimbaji walikuwa wanafunzi wake, na akipita ilikuwa shikamoo za kupokezana, duara hili mpaka lile. "Marahaba. Funga kifungo hicho." "Marahaba. Nani kakushonea kiraka hicho, adui yako?" Kisha wanafunzi wake wakatawanyika kufuata dhahabu kwingine, na mahali pao wakaja watu kutoka kila kona ya nchi, watu wazuri na wabaya kama ilivyo popote, lakini hakuna hata mmoja wao aliyewahi kufumuliwa mshono naye. Wao walimwona bibi mwenye macho mekundu, aliyevaa nyeusi, anayewapitia alfajiri wakijiandaa kushuka.

Na mchimbaji ana miiko. Wapo wasiooga mpaka mzigo wa mawe upande juu. Wapo wasiokanyaga eneo la duara na viatu. Wapo wanaorudi kulala wakikutana na mwanamke njiani asubuhi. Duara likitema dhahabu, miiko inasahaulika kwenye bia. Duara likinyamaza, kila mtu anaanza kukumbuka alikutana na nani.

Duara kubwa kuliko yote hapa kwetu lilinyamaza. Walikuwa wakiufuata mwamba wenye dhahabu, ukawapotea kabisa, wakawa wanapandisha mawe matupu. Wakaleta mganga kutoka mbali. Mganga akapiga ramli yake akasema mwamba umefichwa na mwanamke avaaye nyeusi anayewapitia asubuhi.

Msimamizi wa duara hilo si mtu mkorofi. Ana adabu, na adabu yake ndiyo iliyonitisha. Tulikuwa kwenye kibanda cha Mama Neema, anayeuza chai na chapati mkabala na duka langu. Mwalimu alikuwa anatoka bustanini, amekaa anakunywa chai yake ya rangi. Msimamizi akaja, akavua kofia, akachuchumaa mbele yake.

"Shikamoo, Mayu."

"Marahaba."

"Mayu, vijana wamenituma. Tunakuomba jambo dogo. Ama upite njia nyingine, ama uvae nguo nyingine."

Mwalimu akapuliza chai yake. "Huyo mganga wenu alikuja amevaa nini?"

Watu kibandani walikuwa wameshaacha kutafuna. Msimamizi akatazama chini.

"Kaniki," akasema.

Mama Neema akaguna kicheko, akakimeza mara moja, kwa sababu msimamizi hakuwa amemaliza.

"Yeye kaniki anaivaa kwa kazi yake, Mayu. Sasa wewe unaivaa kwa kazi gani?"

Alikuwa anauliza kweli. Hapakuwa na dharau kwenye sauti yake, wala vitisho. Alitaka jibu la kwenda kuwapa watu wake, na nilijua hakuna jibu ambalo lingewatosha.

"Inanikaa vizuri," Mwalimu akasema.

Msimamizi akavaa kofia yake, akashukuru, akaondoka. Hakuna aliyecheka tena asubuhi ile.

Nilikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji. Akanisikiliza, akatikisa kichwa, akaahidi kwamba sungusungu watakuwa wanapita nyumbani kwa Mwalimu. Nilipokuwa naaga akanisindikiza mpaka nje na kuniambia, kwa wema kabisa, "Ila na wewe mshauri abadilishe nguo, Mama Kulwa. Uturahisishie kazi." Polisi nao waliandika maelezo, wakasema bila jina la mtu aliyemtishia hawana wa kumkamata. Dada yake anaishi Songwa, upande wa Shinyanga. Tukamshawishi aende akapumzike huko. Alikwenda, akakaa muda mfupi, akarudi na mbegu za bamia. Nilimuuliza kwa nini hakukaa. "Kule nilivaa nini, vitenge?" akasema. "Mambo ya kunitazama yapo mpaka kule. Bora nitazamwe na mchicha wangu."

Hapo ndipo nilipopata wazo ambalo mpaka leo naliona la akili, ingawa halikudumu. Binti mkubwa wa Mama Neema alikuwa anaagwa kwenda kuolewa, na sisi wanawake wa kikundi tulikuwa kwenye mabishano ya sare. Sare kwetu si mchezo. Ndoa inaweza kukosa mchele lakini haikosi sare, na rangi ikishachaguliwa hata mwenye deni ataivaa. Nikasimama nikasema: tuvae kaniki.

Kwanza walidhani natania. Nikawatolea mfano niliokuwa nimeushona kwa siri, kaniki ya mkato wa kisasa, nimepitisha uzi wa rangi ya dhahabu kwenye kola na mikono. Nikauvaa nikazunguka. Mama Neema akanitazama muda mrefu. Alikuwa amekielewa nilichokuwa nafanya kabla ya wengine wote, maana na yeye alikuwepo siku ya chai. Akasema, "Mtoto ni wangu. Sare ni kaniki."

Siku ya sherehe tuliingia ukumbini tumejipanga, ukumbi mzima ukasimama. Picha zikatembea kwenye simu mpaka Katoro, mpaka Kahama. Kabla ya mwezi mwingine kuandama nilikuwa nimeongeza cherehani. Kila mwanamke alitaka kaniki ya uzi wa dhahabu. Wake wa wachimbaji walitaka, wauza samaki walitaka. Mke wa msimamizi alikuja kupimwa mwenyewe, akaomba mikono iwe ya kuvimba mabegani. Asubuhi barabara ya maduarani ilikuwa nyeusi kwa wanawake, na mchimbaji aliyetaka kurudi kulala kwa kukutana na mwanamke wa nyeusi asingefanya kazi mwaka mzima. Mwalimu akipita katikati yao hakuna aliyegeuka.

Nililala usingizi miezi ile. Yeye alinuna.

"Mmenifanya sare," aliniambia, amesimama mlangoni na ndoo. Sijawahi kumwona na hasira kama ile. "Maisha yangu yote navaa changu. Leo natoka nje nakutana na mimi, mimi, mimi. Na mapindo yote mabovu!"

Nikamwambia ukweli kwamba ni kwa ajili ya usalama wake. Alikuwa anajua. Akaingia, akakaa kwenye kiti cha wateja, akauliza, "Na mkichoka?"

Mimi ni mfanyabiashara wa nguo, jibu nalijua. Fasheni haina uaminifu. Wanawake walioipenda kaniki kwa sababu kila mtu anayo waliichukia kwa sababu hiyo hiyo. Likaja dera la manjano, la rangi ya embe lililoiva, na senta nzima ikageuka. Kaniki zangu nzuri, na ule uzi wa dhahabu, nilianza kuziona zimekuwa madekio. Nyingine zilifunikia matanki ya maji. Mke wa msimamizi ya kwake alimkatia mbuzi kamba. Mimi mwenyewe ya kwangu nikawa nafunikia cherehani jioni. Asubuhi moja nikamwona Mwalimu anapita na ndoo, na mbele yake na nyuma yake kote manjano, na kila jicho la duarani limemshika yeye.

Kisha duara lile kubwa likaanguka. Miti iliyoshikilia kuta iliteleza baada ya mvua, na kijana mmoja alifukiwa. Kila anayejua kazi ile alisema miti ilikuwa mibovu. Msibani nilisikia maneno mengine. Mwalimu alikuja kutoa pole, na alipokaa kwenye mkeka, wanawake waliokuwa jirani yake wakakumbuka wana kazi jikoni. Alibaki peke yake kwenye mkeka mkubwa, mikono magotini. Hakugeuza upindo wa mtu yeyote siku ile, na hilo liliniumiza kuliko ule mkeka mtupu.

Haikuchukua muda, wakaja wawili na pikipiki isiyo na namba. Si watu wa hapa. Walisimama kwa Mama Neema, wakaagiza chai, hawakuinywa. Mmoja akauliza, "Mama, yule bibi wa nyeusi anakaa wapi?"

Mama Neema ana moyo, niseme hivyo. Alijibu, "Wa nyeusi yupi? Hapa wanawake wote tunavaa nyeusi."

Yule mtu akamtazama kuanzia kichwani mpaka miguuni. Mama Neema alikuwa amevaa dera la manjano. Barabara nzima nyuma yake ilikuwa ya manjano. Mtu yule akatabasamu, akaacha chai yake mezani, wakaondoka.

Mama Neema alipokuja kunisimulia alikuwa analia. Usiku ule sikulala. Asubuhi nikachukua kitambaa cha dera, kile cha manjano bora kabisa nilichokuwa nacho, nikashona bila kusimama. Mapindo niliyashona kwa mkono, ndani na nje, ili asiwe na la kusema. Nikampelekea nyumbani. Nikapiga magoti, jambo ambalo sikuwahi kulifanya mbele yake hata nilipokuwa mwanafunzi.

"Mwalimu, hawakuulizi kwa jina. Hawaijui sura yako. Wanalijua gauni. Vaa hili tu, mpaka haya yapite."

Akaligeuza. Akakagua upindo, polepole, mzunguko mzima.

"Wabeja," akashukuru. "Umeshona vizuri." Maisha yangu yote nilikuwa nayasubiri maneno hayo, na siku ile hata sikuyasikia vizuri kwa furaha kwamba amelipokea.

Juzi alasiri alikuja dukani. Nilimsikia kabla ya kumwona, viatu vyake vina mlio wake kwenye zege. Nikainua macho nikitegemea manjano. Alikuwa na kaniki, mpya, marinda yamesimama.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Mama Kulwa." Akaenda moja kwa moja kwenye kioo. Akageuka upande huu na ule. Kisha akatazama mlangoni kama kuna mtu, akashika pindo la gauni lake akaliinua kidogo.

Bitana ilikuwa ya manjano. Alilifumua dera langu lote, akalikata, akalishonea ndani.

"Ni kitambaa kizuri," akasema. "Nilikiona tu nikajua kitakaa wapi."

Nilishindwa kujizuia. Nikamfokea, mimi, nikamfokea mwalimu wangu. Nikamwambia watakuua. Nikamwambia yule kijana wa pikipiki hakunywa hata chai. Aliniacha nimalize. Vidole vyake vilikuwa vinalisokota pindo bila kulikagua, nikaona kwa mara ya kwanza kwamba anajua vizuri kuliko mimi, na kwamba anaogopa.

"Wakinikuta na hilo dera," akasema, "watakuwa wameshanimaliza kabla hawajafika. Wakinikuta hivi watanikuta mimi." Akaachia pindo likaanguka mahali pake. "Naenda bustanini. Bamia zimeanza kukomaa."

Akatoka. Kutoka dukani kwangu hadi bustanini njia inapita makarasha, kisha ni mbuga tupu. Nilimtazama akitembea, nyeusi peke yake kwenye ile barabara. Watu walimpisha kwa upana usiokuwa wa heshima. Nikavuta ile kaniki iliyofunika cherehani, nikaikung'uta vumbi, nikaivaa juu ya nguo zangu, nikamkimbilia. Ilikuwa inanibana.

Nilipomfikia hakushangaa. Mkono wake ulishuka wenyewe, ukageuza upindo wangu.

"Limefumuka hapa," akasema.

"Najua, Mwalimu."

Tuliyapita makarasha. Pale kelele zinapoishia tukasikia pikipiki nyuma yetu. Ilikuwa inakuja kwa kasi, halafu ikapunguza. Ikatufikia, ikaenda sambamba nasi kwa mwendo wa miguu. Sikugeuza shingo. Niliona tairi lake la mbele na kivuli cha watu wawili, na mkono wa Mwalimu ukaushika wangu, mkavu, wenye nguvu kama zamani alipokuwa akiniongoza kushika mkasi.

Yule wa nyuma akamwambia dereva, "Wako wawili."

Pikipiki ikaendelea kwenda nasi kidogo. Kisha ikaongeza moto, ikatupita, ikapotelea upande wa barabara kuu. Tukachuma bamia. Wakati wa kurudi aliniambia nimpelekee kaniki yangu aishone upya, kwamba vile ilivyo inamtia aibu kutembea nami.

Ameishona. Ameniwekea na bitana, nyekundu, hakuniuliza rangi. Nimeivaa sasa hivi nikiandika haya, na wateja wananitazama kama walivyokuwa wakimtazama yeye. Asubuhi hii Mama Neema alikuja na kaniki yake ya sare, ina harufu ya tanki la maji, akaiweka mezani akauliza kama inaweza kurekebishwa. Sijui tunaweza kuwa wangapi, wala kama inasaidia, wala hadi lini. Lakini wale watu watarudi, na wakirudi kuuliza yule wa nyeusi anakaa wapi, itabidi waambiwe wataje ni yupi.